Chini ni Wapi?

Mwanangu Lusekelo ni Jenerali wa Anga, na miguu yake haigusi ardhi. Nasema mapema ili anayetaka kufunga kitabu afunge. Sisemi kwa mafumbo. Nasema miguu, ile niliyoiosha kwa maji ya uvuguvugu, yenye kidole kidogo kilichopinda upande wa kushoto. Haigusi. Kati ya soli ya buti lake na sakafu kuna nafasi, na hiyo nafasi nimeipitishia mkono wangu mwenyewe. Nitawaambia ilivyoanza, maana ninyi mnaowasindikiza watoto jeshini mkiimba na kurudi nyumbani mkiimba, hamjaambiwa.

Nchi yetu sitaitaja. Ina Jumba la wanaotutawala, lipo bondeni kwenye joto, na ina vilima, ndiko tuliko sisi wa viazi na ukungu. Siku za nchi hii hazina adabu. Jumanne huja kabla ya Jumatatu ikitaka, na mtu anaweza kukutana na utoto wake njiani umebeba kuni, akasogea pembeni upite. Hayo tumeyazoea. Lakini kubwa kuliko yote ni kwamba vilima vyetu hupanda. Kila tukizika mtu, kilima huinuka kidogo, kama unga uliotiwa hamira. Kwa hiyo kwetu hakuna anayeamka na kudhani kwamba chini ni pale pale ilipokuwa jana. Ukifungua mlango asubuhi unapapasa kwanza kwa mguu. Mtoto wa kwetu hufundishwa hivyo kabla hajafundishwa kusalimia.

Lusekelo alifundishwa. Nilimfundisha mimi.

Alipokuwa luteni, rubani mpya, alikuja likizo akakaa jikoni kwangu kwenye kigoda. Buti zake zilikuwa na matope na nilimfokea kwa ajili ya sakafu. Leo ningetoa shamba zima ili nimfokee tena kwa matope. Alichukua mfuniko wa sufuria, akauchora kwa masizi, duara lenye mishale kama saa.

"Mama, ndege ina saa inayosema uko juu kiasi gani. Lakini hiyo saa ni kipofu."

"Kipofu tena?"

"Haijui chini iko wapi. Yenyewe inapima uzito wa hewa tu, na hewa ina vituko, leo nzito, kesho nyepesi, huku hivi, kule vile. Sasa ukikaribia kushuka mahali, lazima uwaulize walio mnarani: chini ni wapi? Wanakupa namba ya pale na ya saa ile. Unazungusha kifundo cha saa hivi, ndipo saa inasema kweli."

"Na usipouliza?"

"Saa inakwambia uko juu bado, na wewe unaingia kwenye viazi vya watu."

Tulicheka. Jamani, tulicheka mpaka maziwa yakafurika motoni.

"Hata rubani mkubwa anauliza?" nikamwambia.

"Mkubwa ndiye wa kuuliza zaidi, Mama. Kurusha ndege anajifunza kila mtu. Kazi yenyewe ni kuuliza."

Nikaridhika. Nikasema moyoni, jeshi linalomfundisha mtu kuuliza chini ni wapi haliwezi kunipotezea mtoto. Mfuniko ule sikuufuta. Hadi leo napikia ubwabwa na saa ya mwanangu juu yake.

Sasa sikilizeni habari ya kuvishwa. Jeshi la Anga lina desturi yake: afisa akipanda cheo, mama yake mzazi huitwa amvishe begani. Ni desturi nzuri, na ubaya wote ninaousema uliingilia kwenye huo mlango mzuri. Nilimvisha ukapteni nikiwa nimesimama sawa, nikamfuta na jasho. Alipopata umeja nilijikuta nasimama kwa vidole vya miguu. Nikadhani nimefupika, si tunafupika wanawake tukishazaa? Alipopata ukanali waliniletea kigoda chenye kitambaa chekundu, wakanishika mikono pande mbili wakisema, "Taratibu, Mama Kanali." Nikiwa juu ya kigoda, hereni yangu ikadondoka. Nikashuka, nikainama kuiokota, na hereni ilikuwa chini ya buti la mwanangu. Nimesema chini ya buti. Sikumwambia ainue mguu. Nilipitisha mkono, nikaitoa.

Nikainua uso kuwatazama wale waliokuwa karibu. Wote walikuwa wanatazama bega.

Hapo ndipo swali liliponiingia, na halijatoka. Mtu anapopandishwa, ni yeye anayeinuliwa, au ni ardhi inayoondolewa chini yake polepole huku watu wanapiga makofi? Na akiondolewa ardhi kwa makofi, atajuaje? Sisi tunaoanguka tunajua kwa sababu tunaumia. Yeye hakuumia popote. Kila alipopoteza unene wa kucha moja ya ardhi alipewa kipande cha chuma kinachong'aa, na kipande kile kilikuwa na uzito wa kutosha kumdanganya kwamba bado anakanyaga. Nikaja kugundua kwamba wote wa ngazi zake wako hivyo. Ndiyo maana mazulia ya ofisi zao yana nyuzi ndefu, na suruali zao hushonwa zikafunika visigino. Si urembo ule. Wanaficha nafasi. Na wake zao wanajua, na madereva wao wanajua, na sisi mama zao tunajua, na wote tunatazama bega.

Basi akawa mkuu wa Anga yote, na akatoa amri. Niliisikia redioni nikimenya viazi. Msomaji alisoma kwa sauti ya kujipongeza: kuanzia sasa hakuna rubani atakayeuliza chini ni wapi. Kuuliza ni udhaifu, adui anasikia. Chini ni moja, nayo ni sakafu ya Jumba. Saa za ndege zote zitawekwa kwa sakafu ya Jumba, na vifundo vyake vitafungwa kwa muhuri wa madini ya risasi ili asiwepo wa kuvizungusha.

Nikaacha kumenya. Sakafu ya Jumba iko bondeni! Nasi tuko huku, na kilima kinapanda!

Wa kwanza kuanguka alikuwa Ambakisye, rubani, mtoto wa jirani yangu. Alitoka kwenye ukungu, ndege imetulia kabisa, haitetemeki, kama mtu anayejua anakwenda wapi, akaingia kwenye tuta la viazi la mama yake. Mama Ambakisye ndiye aliyemwokota. Maafisa walikuja na bendera iliyokunjwa, wakasimama mlangoni bila kukanyaga kizingiti.

"Mama, mwanao amefia juu," mmoja wao alisema. "Ni heshima kubwa. Saa yake imekutwa inasoma juu sana."

"Juu wapi, baba?" Mama Ambakisye aliuliza. "Nimemtoa matopeni kwa mikono hii. Juu wapi?"

"Saa haidanganyi, mama."

Tukamzika. Kilima kikainuka. Aliyefuata alipokuja na saa ile ile ya Jumba, chini ilikuwa imemsogelea zaidi. Naye tukamzika, na kilima kikainuka tena. Mnaona hesabu hiyo inavyokwenda? Mtoto hufa kwa sababu chini imepanda, na chini hupanda kwa sababu mtoto amekufa. Na aliyeanzisha mzunguko huo nilimbeba mgongoni.

Alikuja kunitazama baada ya mazishi. Nikamwambia, "Lusekelo, kaa."

"Nimekaa, Mama."

Hakuwa amekaa. Alikuwa amekunja magoti hewani, juu ya kigoda chake cha zamani, na kigoda kilikuwa hakijui kama kina mtu. Kuku wangu mwekundu akaingia na vifaranga, akapita chini ya buti zake, hakuinamisha hata shingo.

"Umemwona huyo kuku?"

"Kuku gani?"

"Aliyepita chini yako."

Mpambe wake, meja mmoja mwenye shingo iliyonyolewa vizuri, akakohoa. "Mama, Afande ana nafasi yake. Ni heshima ya cheo."

"Heshima gani inapitisha kuku na vifaranga? Nyamaza wewe, naongea na mwanangu." Nikautoa mfuniko wa sufuria, nikamwekea usoni. "Hii uliichora wewe, au alichora mwingine?"

Akautazama kwa muda. "Hayo ni mambo ya kijeshi, Mama."

"Ulipoyachora yalikuwa ya jikoni."

"Mama, hebu elewa." Akashusha sauti, nikamwona mtoto wangu akichungulia kidogo ndani ya yule mtu. "Ukifika juu, kuuliza kunaleta picha mbaya. Jenerali akimuuliza sajenti wa mnarani chini ni wapi, sajenti ataanza kufikiri anajua kitu ambacho Jenerali hakijui."

"Kwani hakijui?"

Akanyanyuka kuondoka, kichwa kikagonga boriti ya paa, pwaa, kofia ikaanguka. Mpambe akaiokota haraka, akaipangusa, wakatoka kana kwamba hakuna kilichogonga. Ile boriti ina alama mpaka leo.

Ningeweza kuishia hapo na kulia tu kama mama wengine. Lakini Lusekelo ana binti, Atupele, na Atupele ni rubani. Alipenda ndege kwa ajili ya baba yake, baba yule wa matope. Na Jumba lilipoamua kumpa Lusekelo nyota ya mwisho, yeye mwenyewe akaomba avishwe nyumbani, kilimani kwetu, watu wake wamwone. Wakasawazisha makaburi ya pembeni kupata uwanja wa gwaride. Ndege zingepita juu kwa heshima, chini chini, zikipasua ukungu. Ya kwanza kabisa, ya Atupele.

Alikuja kwangu asubuhi ya siku moja kabla, akasimama mlangoni akipapasa kwa mguu kama nilivyowafundisha wote.

"Bibi, kesho napita juu yenu."

"Saa yako inasemaje?"

"Ya Jumba. Kifundo kimefungwa kwa risasi." Akajaribu kutabasamu. "Usinitazame hivyo, Bibi. Nitakaa juu kidogo kuliko nilivyoagizwa."

"Juu ya nini? Utajuaje ni juu, na saa haijui chini?"

Tabasamu likamwisha.

"Uliza, Atu."

"Kuuliza ni kifungo."

"Uliza hivyo hivyo. Aliyefungwa nitampelekea chakula. Mama Ambakisye anampelekea mwanawe maua."

Akauchukua mfuniko, akachokonoa masizi yake kwa kucha. "Na nikiuliza, pasiwepo wa kunijibu?"

"Mimi nitakuwepo," nikasema. Nilisema kwa nguvu, na sikuwa na namba yoyote. Alipoondoka nikavuka mtaro kwenda kwa Mama Ambakisye, nikamwambia, shoga, lile tairi kuukuu la lori la viazi bado unalo? Hakuuliza la nini.

Gwaride. Sitaeleza tarumbeta. Nitaeleza ngazi, maana safari hii hakikutosha kigoda wala meza, walileta ngazi. Ngazi ya chuma imepakwa rangi nyeupe, na mpambe ameishika kwa glavu nyeupe, na juu kabisa, ukungu umemfika kifuani, mwanangu anasubiri nyota. Watu elfu wanaona mama anapanda ngazi kumfikia mwanawe, na hakuna hata mmoja anayecheka, hakuna anayepiga kelele. Wamezoea kutazama bega. Nikaanza kupanda, nyota mkononi.

Kwenye kipandio cha kwanza nilikutana na Lusekelo wa utotoni anatambaa, mdomo umejaa udongo, anakula ardhi kwa raha zake. Nikamfuta mdomo, nikapanda. Kidogo tena, nikamkuta na sare ya shule, analilia kiatu kilichozama matopeni. Nikapanda. Nikampita luteni mwenye mfuniko, alikuwa anacheka, akanipisha njia. Mwanangu, nikamwambia, huko juu kuna nani? Akasema sijui Mama, sijafika. Nikampita kapteni, meja, kila mmoja mkavu kuliko yule wa chini yake, na nilipofika kwa yule wa mwisho alinukia chuma na sabuni, hakunukia mtu.

Kutoka pale nilitazama watu. Walikuwa kama punje za mchele zilizomwagika. Nikaelewa, na kuelewa kulinipandisha hasira: juu ni pazuri. Pana hewa. Hakuna anayenuka jasho, huoni nani analia. Ningekaa muda mrefu kidogo hata mimi ningetoa amri.

"Visha, Mama," akasema bila kuchezesha midomo.

Ndipo vipaza sauti vikakwaruza. Walikuwa wameviunganisha na redio za ndege ili uwanja usikie marubani wakimpongeza, naye awajibu kwa kipaza kidogo kilichofungwa juu ya ngazi. Ikatoka sauti ya mjukuu wangu, nyembamba, tulivu.

"Mnara, hapa ndege ya kwanza. Naomba kujua. Chini ni wapi?"

Mnara ukajibu, kijana wa watu anasoma alichoandikiwa: "Ndege ya kwanza, chini ni moja."

"Hiyo ni ya Jumba. Nauliza ya hapo mlipo. Nimo ndani ya ukungu, siwaoni. Chini ni wapi?"

Nikamshika mwanangu ukosi. "Mjibu mwanao."

"Sasa hivi ni rubani, Mama."

"Basi mjibu rubani wako!"

Na hapo akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu ukapteni. Akatazama chini. Nilimwona akitafuta, macho yanahangaika pande zote kama ya mtu aliyeamka kwenye nyumba ngeni. Rangi ikamtoka. Akaleta mdomo sikioni kwangu na sauti iliyotoka ilikuwa ya yule wa kiatu kilichozama.

"Mama," akaninong'oneza. "Chini ni wapi?"

Aliuliza! Nawaapia aliuliza, nami moyo wangu ukaruka. "Sema hivyo hivyo," nikamwambia, "sema kwenye kipaza, mwulize yeyote, yule sajenti, yule mwenye jembe pale, mtu yeyote mwenye miguu. Sema, baba."

Akatazama kipaza. Akatazama watu wanaomtazama. Kisha akakiziba kwa kiganja.

"Siwezi, Mama. Wananiona."

Akampa mpambe ishara. Vipaza na redio ya mnara vikazimwa, na Atupele akakatwa katikati ya neno.

Kazima sauti ya mwanawe. Naandika tena ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba ilizimika yenyewe: aliizima.

Nikashuka ngazi na nyota yangu ngumini. Sikumwona tena mtoto yeyote kwenye vipandio, vilikuwa vitupu na vya baridi. Nyuma yangu nikamsikia akiita, "Mama! Nyota! Nyota!" Hakuita Atupele. Aliita nyota.

Nilipogusa udongo nilikimbia kama sina umri. Mama Ambakisye alishaliviringisha tairi hadi kwenye tuta alilomwokotea mwanawe, ameshalimwagia mafuta ya taa. Tukaliwasha, moshi umwonyeshe Atupele chini ilipo. Wanawake wa viazi wakatoka kwenye mistari ya wageni waalikwa, wakavua kanga zao za gwaride zenye picha ya Jenerali, wakazitupa motoni. Moshi ukapanda mweusi, mzito, mchafu, ukaingia kwenye ukungu ule mweupe kama mkono unaoingia ndani ya gunia. Juu yetu injini ilikuwa inazunguka. Inazunguka. Sijui ni kwa muda gani. Katika muda ule nilimzaa Lusekelo upya na kumzika mara kadhaa. Polisi walikuja na virungu, Mama Ambakisye akawaambia, "Nipigeni, lakini yule akishuka nipeni nafasi nitazame, wangu sikumwona akishuka."

Hawakumpiga.

Ndege ikatoka kwenye moshi, ikaona matuta, ikainua pua ghafla, ikapungua mwendo, ikalala kwa tumbo kwenye viazi. Bawa moja likavunjika kama muwa. Na zile za nyuma yake tulizisikia zikinguruma kupanda, zikaondoka zote, maana Atupele aliwaambia kwa redio ya ndege yake kwamba chini ameiona, na ilivyo karibu.

Atupele akatoka akichechemea, damu kwenye paji la uso. Akasimama matopeni. Askari walishafika, na mpambe amefika na glavu zake.

"Kapteni, uko chini ya ulinzi. Kosa, kuuliza." Akanigeukia. "Na wewe, Mama, Afande anaomba nyota yake."

"Mwambie nimeipanda," nikasema, na kweli nilikuwa nimeishindilia kwenye tuta kwa kisigino. "Aje achimbe."

Wote tukageuka kutazama uwanjani. Ngazi ilikuwa bado imesimama. Juu yake, kwenye ukungu, vilionekana visigino viwili tu.

"Bibi," Atupele akasema, "baba alinijibu? Redio ya mnara ilikatika."

Askari wakamshika mikono. Nikawaambia subirini, wakasubiri, sijui kwa nini. Nikapiga magoti mbele yake kwenye matope, nikanyoosha vidole, nikajaribu kupitisha mkono chini ya buti lake.

Haukupita.